Vijiti Viwili na Kikao cha Wakwe

Kama ulilikosa gazeti la wiki iliyopita, usijilaumu. Misiba yangu haina haraka, huwa inasubiri watu wote wakae.

Mimi ni yule fundi cherehani aliyepanda juu ya bati la kibanda chake kuziba tundu, kwa sababu mvua ilikuwa inadondokea kitambaa cha mteja, akashuka bila ngazi. Ni mwaka wa tatu sasa. Kuanzia kifuani kwenda chini, mwili wangu nauona tu. Uuchome sindano, uumwagie chai ya moto, mimi sina habari. Cherehani naiendesha kwa kiwiko, nimeifungia mota na kitufe mezani, na wateja wanasema mishono yangu imenyooka kuliko zamani.

Nilieleza jinsi rafiki yangu Mzee wa Matairi, ambaye naye anatembelea kiti cha magurudumu, alivyoninong'oneza kuwa kuna daktari anayewasaidia wanaume tuliovunjika uti wa mgongo. Anaingiza vijiti viwili vinavyokunjika ndani ya uume. Ukivinyanyua vinasimama, ukivilaza vinalala. Nikaenda, nikawekewa.

Mke wangu nikamwambia ni upasuaji wa mkojo.

Haukuwa uongo wote. Ule mpira wa mkojo ninaouvaa ulikuwa hauna pa kushika, unachomoka kila mara, na nimeshalowa mbele ya wateja mpaka nikasingizia maji ya kunyunyizia pasi. Daktari mwenyewe alisema vijiti vitaufanya mpira ukae. Hiyo ndiyo nusu niliyompa mke wangu. Nusu nyingine niliificha, nikitaka kumshangaza siku ya arobaini na mbili.

Kwa nini arobaini na mbili? Kwa sababu daktari alitoa masharti. Wiki sita bila kuvitumia. Kujikagua kwa kioo asubuhi na jioni, maana ngozi isiyosikia haipigi kelele ikiumia. Kukalia mto wa hewa, si kiti kitupu. Kila nusu saa kujiinua kwa mikono, damu ipite.

"Na ukiona kichwa kinagonga na uso unatoka jasho bila joto," aliniambia, "jua kuna kitu huko chini kinaumia. Hiyo ndiyo kengele yako pekee. Ikilia, acha kila kitu, uangalie."

Alisema na jambo jingine, ambalo nililisikiliza kwa sikio moja. "Vijiti vinasimamisha, havizalishi. Habari ya watoto ina njia yake, na ni ndefu."

Wiki iliyopita niliishia pale nilipoona kwenye kioo kidoa chekundu kwenye shina la uume, pale ninapokalia, ukubwa wa kifungo cha shati. Nikasema kitapona. Simu ya mke wangu ikalia, na ndipo tukajua wakwe zangu wanakuja kumchukua binti yao.

Basi. Walikuja Alhamisi, siku ya thelathini na tisa.

Asubuhi hiyo mke wangu alinitandikia suruali pana ya kijivu, ile ninayovaa kazini.

"Hiyo ni ya mgonjwa," nikasema. "Nipe ya harusi."

"Ya harusi itakuenea wapi na miguu imekonda hivyo?"

"Nimeipunguza."

Nilikuwa nimeipunguza kweli, kwa siri, mishono miwili kila upande, mpaka ikanikaa kama ilivyonikaa siku ile. Mke wangu akaichunguza, akaivuta huku na huku.

"Inabana."

"Inabana wapi? Mimi sisikii kitu."

Alicheka kidogo. Ulikuwa mzaha wetu wa siku zote, na siku hiyo ulinigharimu kuliko nilivyojua.

Tulipofika sebuleni nikamwambia anihamishie kwenye kiti cha mbao chenye mikono, kile cha mwenye nyumba. Akaweka ubao wa kuhamia, nikajivuta, nikakaa. Akachukua mto wangu wa hewa auweke chini yangu.

"Huo utie uvunguni," nikasema.

"Daktari alisema..."

"Daktari haji leo. Wanaokuja ni wazazi wako. Nikiukalia huo nitaonekana mrefu kama mtoto aliyekalishwa juu ya vitabu afikie meza."

"Haya, bwana mkubwa," akasema, akaondoka nao.

Walikuja wawili. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa paka akimpita mlangoni. Na shangazi wa mke wangu, mkunga, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno yasiyopigwa pasi.

Baba mkwe alianza kwa mbali. Akasifu nyumba. Akasifu mapazia niliyoyashona mwenyewe. Akauliza habari za mvua. Nusu saa ya kwanza ikapita hivyo, na sikujiinua. Ningejiinuaje? Mtu akiegemea mikono ya kiti na kunyanyua makalio mbele ya wakwe, wanafikiria jambo moja tu.

"Mwanangu," baba mkwe akasema hatimaye, "hatukuja kwa ubaya. Uliumia, tukalia na wewe. Mwaka wa kwanza tukasema tungoje. Wa pili tukasema tungoje. Lakini binti yetu ana miaka thelathini na mmoja. Hana mtoto. Sasa sisi kama wazazi, tunaona kwamba..."

Akatafuta neno, akalikosa, akanywa maji.

"Kaka, wewe ukiachiwa tutafika jioni," shangazi akadakia. "Mkwe, mimi nimezalisha wanawake mpaka nimeacha kuhesabu, kwa hiyo sina haya. Nakuuliza kama mkunga. Uanaume upo au haupo?"

Baba mkwe akainamia glasi yake.

"Kama haupo, hakuna anayekulaumu. Tutamchukua binti yetu kwa heshima, na wewe tutakuombea. Kama upo, sema. Mficha uchi hazai."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunigonga.

Kilianza kisogoni, kikapanda mpaka nyuma ya macho. Jasho likanitoka kwenye paji la uso, likashuka kwenye nyusi. Kengele yangu ilikuwa inalia, nami niliitambua vizuri. Nilichotakiwa kufanya ni kumwita mke wangu, nihamishwe, nipelekwe chumbani, nivuliwe, niangaliwe. Yaani nitolewe mbele ya wakwe kama mzigo, dakika ileile niliyoulizwa kama mimi ni mwanamume.

Sikumwita.

"Mbona jasho?" shangazi akauliza.

"Joto."

"Joto gani, na feni hiyo inataka kunivua mtandio?"

Nikajifuta kwa kiganja. Nikamtazama baba mkwe, si shangazi, kwa sababu shangazi alikuwa hatazamiki.

"Mzee, mimi ni mzima. Nimefanyiwa upasuaji. Sasa hivi niko kama wenzangu wote."

Mlangoni vikombe viligongana. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la chai, na alikuwa amesikia. Nilitaka nione furaha usoni mwake. Sikuiona.

"Upasuaji?" baba mkwe akauliza. "Sisi tuliambiwa ni wa mkojo."

"Mambo ya chumbani huwa tunayapa jina jingine, mzee."

Alicheka, maskini, kwa shukrani ya mtu aliyeondolewa jiwe kwenye kiatu. Alitaka sana kuniamini. Laiti kikao kingekuwa chake peke yake, tungekunywa chai na kuagana.

"Vizuri," shangazi akasema. "Mgonjwa akisema amepona tunamshukuru Mungu, kisha tunampima. Tunawapa miezi mitatu. Binti yetu akiwa na mimba, mimi mwenyewe nitakuja kukuomba radhi kwa magoti. Asipokuwa nayo, anakusanya nguo zake. Tumeelewana?"

Vijiti vinasimamisha, havizalishi. Sasa ndipo nililisikia lile neno la daktari kwa masikio yote mawili.

Nikafungua kinywa niombe miezi sita. Mke wangu akanitangulia. Aliweka sinia mezani polepole, akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama katikati ya chumba.

"Hakuna haja ya miezi mitatu," akasema. "Nina mimba."

Shangazi alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Baba mkwe alivua miwani, akalia waziwazi, kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika mikono yote miwili. Hakuiachia.

"Ya muda gani?" shangazi akauliza.

"Changa," mke wangu akasema. "Changa sana."

Sasa niwaambie ninachokijua mimi, na wao hawakijui. Tangu nianguke, mimi na mke wangu tulilala kitanda kimoja kama kaka na dada. Na tangu niwekewe vijiti, nilikuwa nimehesabu siku thelathini na tisa bila kuvigusa, kama nilivyoamriwa. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu mstaafu.

Nikiikana mimba, naukana uanaume niliouapia dakika moja iliyopita. Nikiikubali, nakubali mtoto wa mtu. Nilikuwa nimejitia kitanzi kwa mkono wangu mwenyewe, na watu wananipongeza kwa jinsi kamba ilivyonikaa shingoni.

Nikatabasamu. Mnaosoma mtasema ningesema kweli palepale. Kaeni ninyi kwenye kile kiti.

Wakabaki kula. Baba mkwe akanisimulia alivyosubiri kuzaliwa kwa mke wangu, tangu usiku mpaka saa tatu asubuhi, akitembea kwenye varanda ya hospitali na kiatu kimoja kwa sababu alitoka nyumbani mbio. Kila nilipojaribu kuvuta mikono yangu niegemee kiti, alidhani nimeguswa, akaikaza zaidi. Kwa muda wa saa nne nilikaa pale. Saa nne, bila mto, bila kujiinua hata mara moja, huku kichwa kikigonga na jasho likiingia kolani.

"Mkwe ana machozi mpaka mgongoni," shangazi akasema, na wote wakacheka.

Hatimaye baba mkwe akasimama kuaga. Nikashusha pumzi. Nikamtazama shangazi nimuage naye.

Alikuwa anavua viatu.

"Mimi siondoki," akasema. "Mimba ya kwanza, na mume hali yake hii, nani atamwangalia binti yetu? Nitalala hapa sebuleni wiki nzima. Na kesho asubuhi nitampima mwenyewe. Mikono hii haijawahi kukosea."

Mke wangu akanihamishia kwenye kiti cha magurudumu, akanisukuma mpaka chumbani, akarudisha mlango. Kati yetu na shangazi kulikuwa na ubao mwembamba wa mlango na tundu la ufunguo. Tulilazimika kugombana kwa kunong'ona.

"Mimba ya nani?" nikauliza.

"Ya nani tena? Si umesema uko kama wenzako?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Umeapa mbele ya baba yangu. Basi ni yako."

"Ni ya yule kijana wa kunyoosha viungo?"

Limeshatoka. Kuna kijana anakuja Jumanne na Ijumaa kuninyoosha miguu isikakamae. Mke wangu humpikia chai. Huwa wanacheka kwenye ujia wakati mimi niko kitandani nikisubiri kugeuzwa. Miezi sita nilikuwa nimelitafuna hilo jambo kimyakimya, na sasa nikalitema.

Mke wangu akafanya kitu kilichonitisha. Akacheka kwa sauti, kicheko cha kusikika mpaka sebuleni.

"Mume wangu, una vituko wewe!" akasema kwa nguvu.

"Chekeni, chekeni," shangazi akaitikia kutoka huko. "Furaha ni dawa ya mimba."

Mke wangu akainama sikioni kwangu, na kicheko hakikuwapo tena.

"Unaikumbuka siku ya nne baada ya upasuaji wako? Dawa zilikulevya, ukalala kama gogo. Mfuko wa mkojo ukafurika, nikakubadilisha mpira. Ulidhani nilifumba macho?"

Nikaangalia ukutani.

"Nilijua siku hiyohiyo. Nikasema ngoja aniambie mwenyewe, ni jambo lake, alisherehekee. Wiki tano nimengoja. Unajifungia na kioo chako kila jioni, mimi nakaa huku nje ya mlango nasema leo ataniambia. Umekwenda kumwambia shangazi yangu kabla yangu. Halafu unanitajia kijana wa viungo."

"Lakini mimba..."

"Mwanangu!" shangazi akaita. "Mjamzito hasimamishwi! Njoo ukae!"

Mke wangu akatoka. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Wewe ulinificha wiki tano. Na mimi niachie hata saa moja."

Nikabaki peke yangu na kichwa changu.

Kilikuwa kinagonga kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Macho yalikuwa yanaona vitu viwili viwili. Nikajivuta kitandani, nikaegemea ukuta, nikahangaika na zipu mpaka ikakubali. Nikaishusha ile suruali ya harusi.

Fundi yeyote wa suruali anakijua kile kipande cha katikati ya miguu, pale mishono minne inapokutana. Vitambaa vinakunjana hapo mpaka vinakuwa vigumu kama kamba, na mimi huwa nashona mara mbili. Wateja huwa nawaambia, mengine yatachanika, hapa hapachaniki. Nilikuwa sahihi. Mshono ulikuwa mzima kabisa, umelowa damu.

Nikachukua kioo chini ya mto.

Kile kidoa cha ukubwa wa kifungo hakikuwapo tena. Palikuwa na kidonda kilichofunguka. Na ndani ya kidonda, ikinitazama, palikuwa na ncha ya kijivu, laini, inayong'aa. Nikaigusa kwa kidole. Kidole kilisikia kitu kigumu. Mwili haukusikia chochote.

Nililia. Si kwa maumivu, maumivu ningeyashukuru. Nililia kwa sababu mwili wangu ulikuwa umepasuka nikiwa nimeukalia, nikitabasamu, nikipongezwa.

Nikampigia daktari.

"Unaona nini?" akauliza.

"Kitu cha kijivu. Kidogo, kama ncha ya kalamu."



"Kichwa?"

"Kinagonga tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi! Ulikuwa umekalia nini?"

"Kiti."

"Kiti gani?"

"Cha mwenye nyumba."

Nilimsikia akishusha pumzi.

"Nisikilize. Vua kila kinachobana. Kaa wima, usilale chini. Tafuta mtu akulete sasa hivi. Kijiti kikishatoka nje ya ngozi hakirudi ndani. Vinatolewa vyote viwili leo."

"Daktari, zimebaki siku tatu tu."

"Hata zingebaki dakika tatu. Hiyo presha inayokupanda inaweza kukupasua mshipa wa kichwa kabla kidonda hakijapata nafasi ya kukuua."

"Nitawekewa vingine lini?"

"Huko sifiki leo. Pengine baada ya miezi. Pengine pasiwe na ngozi ya kuvibeba tena. Mkeo yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Nikakata.

Msinitukane. Nilikuwa naenda kumwita. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwite kwa sauti, shangazi asikie, majirani wasikie, yaishe. Lakini kitasa kilizunguka chenyewe. Nikatupia kioo chini ya mto, nikavuta shuka mpaka kiunoni juu ya ile suruali yenye damu.

Mke wangu aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo. Alikuwa na glasi ya maji. Akakaa kitandani, upande wa miguu yangu, akaishika ile miguu isiyomsikia.

"Hakuna mimba," akanong'ona.

Nikamtazama.

"Hakuna kijana wa viungo, hakuna mtu yeyote. Nilikuona pale unatoka jasho, unajitetea, na shangazi anahesabu miezi kama anauza mahindi. Nikaona watanichukua. Ulimi ukaniponyoka." Akanywa maji yale mwenyewe. "Miaka mitatu unaogopa kwamba nitaondoka. Hujawahi hata siku moja kuniuliza kama nataka kuondoka. Sitaki. Umesikia? Sitaki."

Nilisikia. Miaka mitatu nilikuwa nalitafuta neno hilo kwa daktari, na lilikuwa humuhumu chumbani.

"Nimekukasirikia," akaendelea, "na nitaendelea kukukasirikia, usifikiri tumemaliza. Lakini sikusema ovyo. Tazama." Akanyoosha mkono, akafungua kabati. Upande wa ndani wa mlango, palipobandikwa kalenda ya duka la vitambaa, palikuwa na alama za kalamu nyekundu, ndogondogo, moja kwa kila siku. "Leo ya thelathini na tisa. Mzee wa Matairi aliniambia ni arobaini na mbili, nilimbana mpaka akasema. Jumapili unafunguliwa. Shangazi nitamzungusha, nitamwambia tumbo linauma, haguswi mtu. Jumapili ikipita, tutaitafuta mimba ya kweli. Wiki mbili mbele, wiki mbili nyuma, hata mkunga atakosea."

Simu ikatetemeka chini ya paja langu. Sikuisikia kwa paja, niliisikia kwa godoro.

"Kila kitu changu nimekiweka juu ya hivyo vijiti vyako," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu, ule uso nilioutaka asubuhi, ule niliokuwa nimeukosa mlangoni. "Baba yangu, shangazi yangu, jina langu. Niambie tu kwamba vimepona vizuri."

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu," shangazi akasema nje, "kesho ni mbali. Jua bado lipo na mwanga ni mzuri. Nimeshanawa mikono. Fungua nikupime."

Mke wangu akanikodolea macho. Simu ikatetemeka tena. Kitasa kikazungushwa kutoka nje, kikagoma kwa ufunguo.

"Sema kitu," akaninong'oneza. "Wewe ndiye mwenye nyumba, mzuie." Akainuka, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa upesi na kukitazama. "Mungu wangu. Mbona umelowa hivi?"

Ncha ya kijivu ilikuwa chini ya shuka. Kioo kilikuwa chini ya mto. Ukweli wote ulikuwa umbali wa mkono wangu, na mikono yangu, kama nilivyowaambia, bado inafanya kazi.

Nikaipapasa simu, nikaizima.

"Ni furaha tu, mke wangu," nikamwambia.